Miaka ya Ufito: Mwongozo kwa Mzazi wa Mtoto wa Baleti

Mwalimu amekuita pembeni baada ya darasa na kukuambia kwamba mwanao ana kipaji. Ana miaka 8 au 9, anausikia muziki, akionyeshwa hatua mara moja anaishika, na miguu yake inanyooka kwa namna ambayo wenzake bado hawajaipata. Kisha mwalimu akataja mashindano. Tangu siku hiyo unajiuliza uanzie wapi: madarasa mangapi kwa wiki, viatu gani, pesa kiasi gani, na shule itakuwaje.

Nianze na ninachokiamini kuliko vyote, kwa kuwa ushauri wote unaofuata umesimama juu yake. Kati ya miaka 8 na 14 mtoto wa baleti anajengewa mwili. Ushindi wenye maana katika fani hii huja baadaye, akiwa na miaka 15, 17 au 19, na humfikia yule ambaye nyonga zake, vifundo vyake na hamu yake ya kucheza vimefika huko vikiwa vizima. Kazi yako mzazi katika miaka hii ni kuulinda mwili huo na muda wake, hata dhidi ya watu wanaompenda mtoto na kumtakia mema.

Tazama wanavyofanya wale waliobobea. Katika Akademia ya Vaganova, St. Petersburg, mtoto huingia akiwa na takriban miaka 10 na husoma kwa miaka 8. Mwanzoni kabisa husimama ameukabili ukuta, mikono yote miwili ikiwa juu ya ufito wa kushikia, akikunja magoti na kuyanyoosha, akisukuma wayo mbele na kuurudisha, polepole, siku baada ya siku. Hapo hakuna cha kupigiwa makofi. Walimu wanajua kwamba makosa yanayoingia mwilini katika mwaka wa kwanza hutokea tena jukwaani miaka 10 baadaye, na wakati huo kuyaondoa ni vigumu mno.

Basi jambo la kwanza ni mwalimu, na usione haya kumchunguza. Omba kukaa ndani ya darasa moja zima. Mwalimu mzuri wa watoto hurekebisha mambo madogo: kidole gumba kilichoinuka, bega lililopanda, goti linaloangukia ndani. Hutaja jina la mtoto, humweleza sababu, kisha hurudi kuangalia kama amerekebisha. Ukikuta saa nzima inatumika kukariri ngoma ya onyesho, huku watoto 30 wakimfuata mwalimu anayejitazama kwenye kioo, ondoka na mwanao hata kama ada ni nafuu. Muulize pia alisomea wapi na anafuata mtaala gani. Nairobi na miji mingine mikubwa ya kanda hii utakutana mara nyingi na mitihani ya Royal Academy of Dance ya London, iliyoanzishwa mwaka 1920. Sifa yake kubwa kwa mzazi asiyeijua baleti ni kwamba kila ngazi ina umri wa chini: mtihani wa Gredi ya 1 haufanywi kabla ya miaka 7, na ngazi ya Intermediate Foundation haifanywi kabla ya miaka 11. Mwalimu anayekuahidi kumrusha mtoto ngazi 3 kwa mwaka mmoja anauza haraka, na bei yake italipwa na magoti ya mwanao.

Baada ya mwalimu, angalia sakafu. Wazazi huuliza kuhusu sare na kusahau kitu ambacho mtoto atakirukia mara maelfu. Sakafu ya densi ni mbao zilizoinuliwa juu ya mihimili au vipande vya sponji ili zibonyee kidogo, na juu yake hutandikwa vinaili isiyoteleza. Vua viatu, ruka mara chache mwenyewe. Mshindo mkavu unaopanda mpaka magotini maana yake umesimama juu ya zege, hata kama limefunikwa kwa vigae vinavyong'aa au zulia. Zege ndilo chanzo cha maumivu mengi ya muundi, na baadaye huleta nyufa ndogo za mfupa ambazo huchukua wiki nyingi kupona.

Hata hivyo, sakafu mbaya pekee haitoshi kumkatia mtoto njia. Katika madarasa ya baleti ya Kibera yaliyoendeshwa na shirika la Anno's Africa, madawati ya shule yalisogezwa pembeni na watoto wakacheza pekupeku juu ya saruji. Mmoja wa walimu wake, Michael Wamaya, alikuwa miongoni mwa kumi bora wa tuzo ya Global Teacher Prize mwaka 2017. Joel Kioko, aliyekulia mtaa wa Kuwinda huko huko Nairobi, aliendelea na mafunzo Dance Centre Kenya, na mwaka 2017 akaenda London kusoma English National Ballet School. Ikiwa ukumbi mlio nao ni wa saruji, zungumza na mwalimu kuhusu miruko: ipunguzwe, ifanywe mwishoni mwa darasa miili ikiwa imepata joto, na siku za miruko zisifuatane. Kazi ya ufito, mizani na mikono haihitaji sakafu ya gharama.

Sasa nataka tukae kidogo kwenye jambo moja la mwili, kwa sababu ndilo linaloharibu watoto wengi zaidi, na mzazi anaweza kulikagua mwenyewe sebuleni. Baleti hutaka miguu igeuzwe ielekee nje. Mgeuko huo unatakiwa utoke kwenye nyonga, pale mfupa wa paja unapozunguka ndani ya kikombe chake. Kiasi anachoweza kuzungusha mtoto kimepangwa kwa sehemu kubwa na umbo la mifupa aliyozaliwa nayo, na wengi hawafiki ule mstari mmoja ulionyooka unaoonekana kwenye picha. Mtoto anayetaka kumfurahisha mwalimu atadanganya. Atakunja magoti kidogo, atazibandika nyayo zielekee pembeni kabisa kwa msuguano wa sakafu, kisha atanyoosha magoti. Nyayo zitaonekana zimegeuka, lakini goti litakuwa limesokotwa katikati, na unyayo utalala ndani kiasi kwamba ule uwazi chini ya wayo hauonekani tena.

Mwambie asimame pekupeku, visigino vikigusana, nyayo zimegeuka kama anavyofanya darasani. Chuchumaa mbele yake. Mwambie akunje magoti taratibu bila kuinua visigino, zoezi ambalo darasani huitwa plié, na utazame pia ya goti. Inapaswa kushuka moja kwa moja juu ya kidole cha pili cha mguu. Ikiangukia upande wa kidole gumba, miguu imegeuzwa zaidi ya uwezo wa nyonga. Mwambie aifunge kidogo mpaka goti na kidole vikae mstari mmoja. Hapo ndipo mgeuko wake halisi ulipo, na hapo ndipo anapotakiwa kufanya kazi, hata kama wenzake wanaonekana wamefunguka kuliko yeye. Misuli ya ndani ya nyonga ikipata nguvu, mgeuko huongezeka kwa haki.

Kosa lingine ni la kunyoosha viungo. Watu wazima hupenda kusema samaki mkunje angali mbichi, na kwa imani hiyo nimeona mwalimu akimkalia mtoto mgongoni ili mapaja yake yaguse sakafu, mama yake akiwa amesimama kando akimtia moyo. Methali hiyo ilikusudiwa tabia, na haifai kabisa kwa nyonga. Mtoto asisukumwe na mtu mwingine kufungua miguu, na asiwekewe mguu mmoja juu ya kiti ili apasuke kupita usawa wa sakafu. Kunyoosha kwa muda mrefu huku ametulia kufanyike baada ya darasa mwili ukiwa na joto, kwa kuwa kabla ya darasa hupunguza nguvu za misuli kwa muda. Na kama mwanao ni wale wanaokunjika kama hawana mifupa, watoto ambao kila mtu huwashangilia, yeye ndiye anayehitaji mazoezi ya nguvu kuliko wote. Viungo vyake vinavuka mpaka kirahisi na hakuna kinachovishikilia.

Kuhusu saa za mazoezi, wataalamu wa tiba ya michezo kwa watoto wana kanuni rahisi: jumla ya saa za mazoezi yaliyopangwa kwa wiki isizidi umri wa mtoto. Mwenye miaka 9 asizidi saa 9, na humo ndani hesabu pia kuogelea na mpira wa shule. Kwa maoni yangu, mtoto wa miaka 8 au 9 anatosheka na madarasa 2 au 3 ya saa moja. Akifika 11 yanaweza kuwa 4, na kwa wa miaka 13 mwenye nia ya kweli siku 5 ni nyingi za kutosha. Siku moja kamili kwa wiki iwe ya kupumzika, na likizo ndefu za shule zimpe wiki kadhaa bila baleti kabisa. Acheze kati, apande miti, aende kwa bibi. Usingizi nao ni sehemu ya mazoezi: saa 9 hadi 12 kwa walio chini ya miaka 13, na 8 hadi 10 kwa waliovuka hapo. Mtoto anayefika nyumbani saa tatu usiku kutoka studio na kuamka saa kumi alfajiri kuwahi basi la shule hawezi kujenga mwili, hata awe na mwalimu bora duniani.

Kisha huja kipindi kinachowashtua wazazi wengi. Msichana akiwa na miaka 11 au 12, mvulana 13 au 14, mwili huanza kurefuka kwa kasi. Mifupa hutangulia, misuli na kano huchelewa, na mtoto aliyekuwa mwepesi ghafla anakuwa mgumu, anapoteza mizani, anashindwa mizunguko aliyokuwa akiifanya vizuri muhula uliopita. Wengine hulia. Wengine huambiwa wamekuwa wavivu. Weka alama ya kimo chake kwenye mwimo wa mlango kila baada ya miezi 3. Akiongezeka kama sentimita 2 au zaidi katika muda huo, mwarifu mwalimu kwamba ukuaji wa kasi umeanza, na mwombe apunguze miruko na mizunguko mingi, aongeze kazi ya ufito na ya nguvu za kiuno na tumbo. Hali hiyo hupita. Watoto wengi wazuri huacha densi katika miezi hiyo kwa sababu hakuna aliyewaeleza kinachotokea miilini mwao.

Katika umri huo huo gegedu za ukuaji zilizo karibu na ncha za mifupa ni laini kuliko kano zinazozivuta. Ndiyo maana kisigino huuma baada ya miruko, au panatokea nundu yenye maumivu chini ya goti. Mara nyingi tiba ni kupunguza kazi, barafu na subira. Lakini yapo maumivu ambayo hayasubiri: yanayokaa mahali pamoja juu ya mfupa ukibonyeza kwa kidole, yanayomwamsha usiku, yanayomfanya achechemee, na ya kiuno anapopinda mgongo nyuma yakidumu zaidi ya wiki 2. Hayo yapelekwe kwa daktari, na mtoto asicheze mpaka aonekane. Kumpa vidonge vya maumivu ili amalize mazoezi ya shindano ni kumfungia mlango ambao hatauona kwa miaka kadhaa.

Tuje kwenye viatu vya ncha, vile vigumu vinavyomwezesha mchezaji kusimama juu ya vidole. Kila mtoto anavitamani, na kila mwalimu asiye na msimamo hutumia kutamani huko kuwabakiza wateja. Mwongozo wa chama cha kimataifa cha tiba na sayansi ya densi, IADMS, unashauri mtoto asianze kabla ya miaka 12 hivi, na hata hapo awe amesoma baleti kwa miaka kadhaa, anahudhuria zaidi ya mara moja kwa wiki, na kiwiliwili na miguu yake vina nguvu. Umri peke yake hautoshi. Mtoto aweze kuinuka juu ya mguu mmoja, goti limenyooka, mara 20 mfululizo bila kifundo kuyumba. Aweze kuruka kwa mguu mmoja na kutua goti likiwa juu ya vidole. Anyooshe wayo mpaka mgongo wa wayo huo uwe mstari mmoja na muundi. Akishindwa kimojawapo, asubiri miezi 6 na ajaribiwe tena.

Viatu hivyo visinunuliwe mitumbani, wala visirithiwe kwa dada mkubwa. Ndani mwake kuna kisanduku kigumu cha tabaka za nguo na gundi, na soli inayokunjika kufuata mguu wa aliyevivaa kwanza. Kiatu kilichokwisha kulegea humtumbukiza mtoto nje ya ncha na kukifinya kifundo. Viatu laini vya kawaida ni jambo jingine. Hivyo ukivipata mitumbani vikiwa vizima na vinamkaa sawasawa, nunua bila wasiwasi. Jozi ya viatu vya ncha mara nyingi huuzwa dola 80 hadi 120 za Marekani kabla ya usafiri, na mwanafunzi anayefanya kazi kwa bidii huimaliza kwa wiki chache au miezi michache. Weka hesabu hiyo mezani mapema. Kuhusu rangi, kwa miongo mingi wachezaji weusi walilazimika kupaka viatu vya waridi vipodozi ili vifanane na ngozi zao. Mwaka 2018 kampuni ya Freed ya London, ikishirikiana na kundi la Ballet Black, ilitoa viatu vya kahawia na shaba. Mtafutie mwanao vinavyofanana naye. Mstari wa mguu huonekana mrefu na safi zaidi rangi ya kiatu inapoungana na ya ngozi, na majaji huutazama mstari huo.

Sasa chakula, na hapa nitasema kwa ukali kidogo. Asiwepo mtu yeyote wa kumpima mtoto uzito studioni. Asiwepo wa kumwambia apunguze kula, afiche tumbo kwa kushinda na njaa, au amtazame fulani alivyo mwembamba. Ukisikia kauli hiyo mara moja, zungumza na mwalimu siku hiyo hiyo. Ukiisikia mara ya pili, mhamishe mtoto. Prix de Lausanne, moja ya mashindano makubwa kabisa ya baleti ya vijana, hufuatilia afya ya wanaoomba kushiriki, kwa kuwa waandaaji wanaufahamu ugonjwa wa kujinyima chakula ulivyoingia katika fani hii. Mtoto anayekula pungufu ya anachotumia hukua vibaya, mifupa yake hudhoofika, na huumia mara kwa mara. Kwa msichana, hedhi ni kipimo cha afya. Isipoanza mpaka miaka 15, au ikianza kisha ikakatika miezi 3, mpeleke hospitali. Usimkubali mtu anayesema kwamba kwa wachezaji hiyo ni kawaida.

Chakula chenyewe hakihitaji kununuliwa kwenye duka la wanamichezo. Saa moja na nusu au mbili kabla ya darasa ale kitu cha wanga chepesi: ndizi mbivu, viazi vitamu, uji, mkate na siagi ya karanga. Baada ya darasa, ndani ya saa moja, apate wanga pamoja na protini, kama ugali na maharage, wali na samaki, githeri, chapati na yai. Mtoto wa miaka 9 hadi 18 anahitaji takriban miligramu 1,300 za kalsiamu kwa siku. Kikombe cha maziwa humpa kama 300, na dagaa wanaoliwa na mifupa yao ni hazina tuliyo nayo kwa bei ya chini. Kwa madini ya chuma kuna maini, dagaa na maharage, na chungwa au limau pembeni husaidia mwili kuyachukua. Chai isinywewe pamoja na mlo huo, kwa sababu huzuia chuma kisifyonzwe. Isubiri saa moja.

Ukiwa na mvulana, utapambana na maneno ya watu kuliko na mazoezi. Ndugu watauliza kwa nini hachezi mpira. Wape mfano wa Carlos Acosta: alikulia katika familia maskini ya Havana, akipenda mpira na kucheza densi za mtaani. Baba yake, dereva wa lori, ndiye aliyempeleka shule ya baleti. Mwaka 1990, akiwa na miaka 16, alishinda medali ya dhahabu ya Prix de Lausanne, na baadaye akawa nyota wa Royal Ballet ya London. Baba mzazi, au mjomba, akikaa mstari wa mbele siku ya onyesho, mtoto hahitaji hoja nyingine. Mtafutie pia mwalimu anayejua mazoezi ya wavulana, na usiruhusu anyanyue wenzake kabla mwili wake haujakomaa.

Na kama ulichelewa, usihuzunike. Misty Copeland alianza baleti akiwa na miaka 13, na mwaka 2015 alikuwa mwanamke mweusi wa kwanza kupandishwa kuwa mchezaji mkuu wa American Ballet Theatre. Aliyechelewa hata hivyo asifidie kwa kufanya madarasa mara mbili; mwili wake unafuata sheria zile zile.

Mashindano, basi. Kabla ya miaka 11 au 12, yatosha mtoto kuzoea jukwaa. Kwa Wakenya, tamasha la kitaifa la drama na filamu la shule lina vipengele vya densi, na maonyesho ya The Nutcracker yanayofanyika Nairobi mwishoni mwa mwaka huwapa watoto nafasi ndogo ndogo za kusimama chini ya taa wakiwa na wenzao. Hayo humfundisha kusubiri zamu yake kimya, kuvaa haraka, kusahau hatua na kuendelea. Mashindano ya kimataifa yana umri wake. Youth America Grand Prix, yaliyoanza mwaka 1999, hupokea watoto wa miaka 9 hadi 19 katika makundi matatu: 9 hadi 11, 12 hadi 14, na 15 hadi 19. The Fonteyn ya Royal Academy of Dance ni ya miaka 14 hadi 19 na huhitaji mitihani ya juu ya chuo hicho. Prix de Lausanne, iliyoanza mwaka 1973 nchini Uswisi, ni ya miaka 15 hadi 18, na mshindi hupata ufadhili wa kusoma katika shule kubwa au kufanya kazi ya mafunzo katika kundi la baleti.

Jambo la kulishika kuhusu Lausanne ni kwamba majaji hawatazami solo za jukwaani peke yake. Wanakaa darasani na kumpa alama mtoto akiwa kwenye ufito, akipokea masahihisho, akijaribu tena. Kinachotafutwa ni kesho yake. Kwa hiyo yule aliyetumia miaka 3 akikariri solo moja ya kuvutia hujulikana mara moja anapoombwa zoezi jipya.

Solo ya kwanza iwe ndogo kuliko uwezo wake. Ile ya Cupid kutoka Don Quixote huwafaa watoto wengi: ni nyepesi, ina furaha, na inaweza kuchezwa kwa viatu laini. Ile mizunguko 32 ya bata maji mweusi wa Swan Lake isubiri mpaka awe mtu mzima. Shindano moja, au mawili kwa mwaka, yanatosha kwa mtoto wa miaka 12. Wiki 2 za mwisho kabla ya siku yenyewe zisiongezwe mazoezi, zipunguzwe. Vazi likodishwe au lishonwe na fundi wa mtaani kutokana na picha, na alijaribu akicheza, si amesimama tu. Baada ya matokeo, mwombe mwalimu awaletee maandishi ya majaji, kisha msubiri siku 2 au 3 ndipo muyasome pamoja. Kwenye gari la kurudi nyumbani mwulize ana njaa kiasi gani.

Kuna pia suala la usalama wa mtoto. Baleti hufundishwa kwa kugusa: mwalimu hushika nyonga, huinua kiwiko, husukuma kifundo. Mweleze mtoto kwamba mguso wa kazi hufanyika mbele ya wengine, huelezwa kabla, na anaweza kuukataa bila kuadhibiwa. Darasa la mtu mmoja lifanyike mlango ukiwa wazi au mzazi akiwepo. Mwalimu asimwandikie mtoto ujumbe wa siri kwenye simu. Safari ya mashindano iwe na watu wazima wasiopungua wawili, na mtoto asilale chumba kimoja na mwalimu, awe wa jinsia yoyote.

Shule ndiyo itakayoamua mengi. Kwetu, mtoto mwenye miaka 12 hadi 14 anaingia ngazi mpya ya masomo, na familia nyingi humpeleka bweni. Bweni lisilo na densi humaliza safari hii, kwa kuwa miezi 3 bila darasa katika umri huo ni pengo kubwa. Ukiwa na nia ya dhati, tafuta shule nzuri ya kutwa iliyo karibu na studio, na nenda mwenyewe ukaonane na mwalimu mkuu kabla muhula haujaanza, ukiwa na ratiba ya mazoezi mkononi. Masomo yasilegee. Shule kubwa za baleti za nje hutaka pia vyeti vya darasani, na mwili unaweza kukataa wakati wowote.

Akifikisha miaka 14 bado anaamka mwenyewe siku za darasa, anza maandalizi ya kutuma maombi nje. Pasipoti na cheti cha kuzaliwa viwe tayari, majina yakifanana herufi kwa herufi. Maombi mengi huanza na video ya darasa, na hii irekodiwe angalau mara mbili kwa mwaka hata kama bado hamtumi popote. Simu iwekwe juu ya kiti au stendi, kwenye kimo cha kiuno, isishikwe mkononi. Mtoto aonekane mzima kutoka unyweleni mpaka vidoleni wakati wote, nyayo zisikatwe. Avae vazi la kubana la rangi moja lisilo na sketi, nywele zimefungwa, nyuma yake ukuta mtupu. Mwanga umtoke mbele, kwa hiyo asisimame dirishani. Arekodi mazoezi ya ufito kwa pande zote mbili, kisha ya katikati ya ukumbi, kisha miruko, kila moja bila kukatwa na bila muziki kuongezwa baadaye. Andikeni tarehe na kimo chake kwenye jina la faili, na mhifadhi nakala mahali pawili.